Sala ya Bwana Uhusiano

Baba yangu alikuwa na kazi ambayo bibi, yaani mama yake mzazi, hakuielewa mpaka anaingia kaburini. Vijana wa Kiiraqw waliosoma naye misheni walikuwa walimu, madereva, makarani wa ushirika. Yeye alikuwa afisa uhusiano wa shirika moja la umma lililokuwa na mashamba ya ngano huku kwetu Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro.

"Kwa hiyo unalima?" bibi alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Unasimamia wanaolima?"

"Hapana. Nawaeleza watu shirika linafanya nini."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Kwani watu hawaoni?"

Mjini walimwita Bwana Uhusiano. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi na mama, na kalamu mbili mfukoni. Wakubwa wakija kutoka Dar es Salaam ni yeye aliyewapandisha mpaka ukingoni mwa kreta, wakatetemeka kidogo kwenye ukungu, wakasema lo, halafu akawateremsha mashambani wakiwa na furaha na njaa, tayari kukubali chochote wanachoambiwa. Mimi pia nilikuja kuifanya kazi hiyo, mjini Arusha, miaka mingi, nikiwa na cheo kirefu kuliko chake na ofisi yenye kiyoyozi. Kwa hiyo niaminiwe ninaposema kwamba baba alikuwa fundi. Sijapata kumwona mwingine wa namna yake, na sina hamu ya kumwona.

Taarifa zake aliziandikia mezani kwetu, pale pale tulipokula ugali. Aliandika kwa penseli, akamsomea mama, akafuta, akaandika tena. Vibarua wakipunguzwa, yeye aliandika kwamba shirika linapanga upya nguvu kazi. Mbegu zikioza ghalani, kuna changamoto ya unyevu. Mama, ambaye alitoka Kilimanjaro na alikuwa na kibanda cha duka karibu na mnada, hakuwa na subira na mambo hayo. Miaka ile ya vita vya Kagera, sukari ilipoadimika hata kwa wenye vibali, baba alitutangazia asubuhi kwamba itapatikana hivi karibuni.

"Hivi karibuni haikorogi chai," mama akasema, akatuwekea vikombe vya chai chungu.

Tulicheka, na baba alicheka kuliko wote. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari zake hudhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alipenda kila mtu atoke kwenye mazungumzo akiwa na raha, na hilo ndilo lililomponza.

Kati ya ngano ya shirika na msitu palikuwa na ukanda wa ardhi uliolimwa na familia za Wairaqw waliohamia kutoka Mbulu siku nyingi. Bibi alikuwa mmoja wao. Alipanda mahindi na maharage, akakesha akipiga debe kufukuza nyati walioshuka kutoka msituni, na kila msimu alivuna kile ambacho nyati walimwachia. Shirika lilisema ukanda ule ni wake kwa ramani. Wazee walisema hawajawahi kuiona ramani ikipalilia. Mabishano hayo yalidumu mpaka akaja meneja mpya, mtu wa haraka, akaamua kwamba msimu huo ardhi yote italimwa ngano na familia zitapelekwa kwingine.

Wakati huo mahindi yalikuwa yamefika magotini. Hofu ya watu wa ukandani haikuwa kuhama peke yake, maana walishahama kabla. Hofu yao ilikuwa kuhama bila chakula. Wakaanza kukaa vikundi vikundi barabarani, na dereva mmoja wa trekta akapigwa jiwe. Meneja akamwita baba.

Jioni hiyo baba alimweleza mama yaliyosemwa, nami nilikuwapo nikichambua mchele. "Amesema anadhani watavuna kwanza," baba alisema.

"Anadhani?"

"Ndivyo alivyosema. Anadhani."

"Basi kawaambie anadhani," mama akasema.

Baba alitabasamu. Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa mama alikuwa dukani nilichukuliwa mimi kwenye Landrova ya shirika. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani mafupi, upande wa juu wa nyumba ya bibi, wanaume upande wao na wanawake wao, na vyungu viwili vya pombe ya mtama mbele ya wazee. Meneja alibaki amesimama karibu na gari akitazama saa.

Hapa inabidi nieleze jambo, kwa sababu bila hilo yaliyofuata yataonekana upuuzi. Kwetu Wairaqw mkutano mkubwa hufunguliwa kwa sala iitwayo slufay. Mzee mmoja hutamka mstari, watu wote huitikia, anatamka mwingine, wanaitikia, mpaka yale maneno yawe ya kila mtu aliyepo. Wanaomba mvua, wanaomba ng'ombe wazae, wanaomba njia iwe nyeupe. Si maneno ya kupamba. Neno likishaitikiwa limefungwa, na aliyelitamka amejifunga nalo. Kwa hiyo mzee anayeongoza hachaguliwi kwa sauti nzuri, huchaguliwa kwa mdomo ambao haujawahi kukamatwa na uongo.

Baba alikulia ndani ya sala hizo na aliijua mistari yake kama anavyojua njia ya kwao. Mzee mwongozaji siku hiyo alikuwa na kikohozi. Alimtazama baba, mtoto wao aliyesoma, aliyerudi kwao na gari, akamwambia aongoze yeye. Nilimwona baba akiikunja ile taarifa ya penseli na kuitia mfukoni. Akavua viatu.

Mimi Kiiraqw nilikijua nusunusu, maana baba alitulea kwa Kiswahili, lugha ya taifa. Lakini shangazi, dada yake baba, alikuwa ameketi nami na alinieleza mstari kwa mstari. Baba alianza na mvua. Wakaitikia. Akaja kwenye mifugo, wakaitikia. Sauti yake ilipanda ikashuka vizuri sana hata akina mama wazee wakafumba macho. Halafu, bila kubadilisha pumzi, akaingia alipotumwa. Mahindi haya yaive. Wakaitikia. Mkono uliopanda ndio uvune. Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Chuma kisitangulie kikapu shambani. Hapo waliitikia hata watoto, na bibi alikuwa analia kwa fahari, kanga yake mdomoni.

Lile neno "anadhani" halikuwamo.

Wazee walinyunyiza pombe, watu wakatawanyika kwa amani. Garini meneja alimpiga baba begani. "Mzee, umewamaliza kabisa! Uliwaambia nini?"

"Kila watu wana lugha yao," baba akajibu, na njia nzima alikuwa na furaha. Alidhani amepata mbinu mpya. Hilo ndilo kosa lake, na nimelitafakari sana kwa sababu kwa kazi yetu ni kosa rahisi mno: alichukua kitu ambacho kwao kilikuwa kifungo, akakitumia kutuliza mkutano. Mgeni asingeweza kulifanya. Mgeni asingepewa nafasi.

Matrekta yalikuja mahindi yakiwa ya kuchoma. Baba hakuambiwa. Alipata habari ofisini, akapanda na pikipiki ya mtu, akakuta kazi imefika katikati. Bibi alikuwa mbele ya trekta akivunja mahindi mabichi na kuyatia kwenye kikapu, haraka haraka, dereva akimsubiri kwa aibu kila baada ya hatua chache. Baba alimkimbilia meneja, akarudi, akaanza kumsaidia mama yake kuvunja. Bibi akamwambia kitu kimoja tu.

"Weka chini."

Akaweka chini.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Niliwahi kutamani wangemtukana, maana tusi lina mwisho wake. Wazee walikaa, wakaongea siku nzima, wakamtenga yeye na nyumba yake. Kutengwa maana yake hamchangii moto, hamli chungu kimoja, hamuingiliani milangoni, hamzikani. Akisalimu anatazamwa tu. Mama aliposikia alicheka. "Moto? Mimi nina viberiti dukani!" Lakini viberiti navyo viliadimika kama sukari, na mtaa wetu, uliojaa Wairaqw, ukarudi kwenye desturi ya kuomba makaa kwa jirani na kigae mkononi. Asubuhi niliona moshi ukitembea kutoka jiko hadi jiko, ukituruka. Mama alijifunza kufukia makaa kwenye majivu usiku yasizimike. Yalipozima, tulilala na njaa ilhali unga upo.

Bibi alihamia kwa shangazi, upande wa Oldeani, yeye na shamba lake la kuanza upya. Mama na mimi tulikwenda kumtembelea. Alifurahi kutuona, hilo lilionekana usoni, lakini alitoka nje akakaa kwenye kigogo chake na sisi tukakaa kwenye chetu, mbali kidogo. Mama aliweza kukaribishwa kwa kuwa ni wa kuja, akakataa kuingia bila mimi. Chakula tulichobeba bibi hakukigusa. Nilikuwa msichana mkubwa, nilielewa kila kitu, na bado iliniuma sana. Nilimchukia siku hiyo. Baadaye chuki yote nikaihamishia kwa baba.

Tulipoaga, bibi alimpa mama ujumbe. Kulikuwa na njia ya kurudi, na haikuwa ngumu. Baba aje mbele ya wazee wale wale na kondoo mmoja, aseme neno lile. "Neno gani, mama?" mama akauliza. Bibi akalisema kwa Kiswahili chake kizito, ili lisipotee njiani: "Nilisema uongo. Basi. Aje upesi, mimi nimezeeka, nataka kumshika mwanangu kichwa kabla sijaondoka."

Baba alisikiliza ujumbe huo akiwa amesimama. Alisema atakwenda. Hakwenda mwezi huo wala uliofuata. Kulikuwa na sababu, naye alizipanga vizuri: nyumba tuliyolala ni ya shirika, karo zetu zinatoka shirika, na akikiri hadharani kwamba alidanganya, shirika nalo limedanganya. Mama alimwambia ulimi hauna mfupa, asijifanye wake umevunjika. Lakini nadhani ajira haikuwa kizuizi kikubwa. Baba hakuwa na njia ya kulisema neno lile. Miaka yote ile mdomo wake ulikuwa umezoea kupita pembeni, ukafika mahali hauijui tena njia ya katikati.

Bibi alipougua, shangazi alimtuma mtu mnadani kutuambia. Hapo baba akanunua kondoo, mweusi, mzuri, tukaenda wote. Wazee walikuwa wamepungua. Walikaa nje ya nyumba ya shangazi, na bibi aliwekwa mlangoni kwenye ngozi, ameegemea kizingiti, ili asikie. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo ningeweza kumwona usoni. Alikuwa amevaa kanga mpya.

Baba alisimama. Alianza kwa Kiiraqw, polepole, na shangazi akanifasiria kwa kunong'ona kama siku ile. Alisema msimu ule ulikuwa mgumu kwa wote. Akasema ilitokea hali ambayo hakuna aliyeitarajia.

"Nani alisema uongo?" mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa.

"Mipango ilibadilika, wazee wangu."

"Tumesikia. Nani alisema uongo?"

Baba akafungua mdomo. Nilimwona akijaribu, na Mungu ni shahidi wangu kwamba alijaribu. Jasho lilimtoka ingawa ilikuwa Julai na upepo wa Ngorongoro ulikuwa unakata masikio. "Hapakuwa na maelewano ya kutosha," akasema.

Mzee akainuka, akakung'uta shuka lake, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila hasira. Bibi alibaki akimtazama mwanawe. Halafu akamwambia shangazi amrudishe ndani. Kondoo tulirudi naye kwenye gari, akilia mpaka nyumbani, na baba aliendesha ameinamia usukani. Mimi nilifurahi kuona anaumia. Leo sifurahi.

Bibi alifariki baada ya muda mfupi. Hatukuambiwa, kwa sababu baada ya siku ile hata shangazi hakuthubutu kututumia mtu. Mama alisikia kutoka kwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyepita akitokea Kakesio, mtu asiyetujua, aliyesimulia tu kwamba amechelewa njiani kwa sababu ya msiba wa kikongwe mmoja wa Oldeani, aliyekuwa akiishi kwa binti yake. Baba alipofika, udongo ulikuwa umeanza kukauka. Alisimama mbali, hakuna aliyempa hata konzi ya udongo wa kutupia, akasimama mpaka jua likatua.

Shirika lenyewe lilikufa miaka michache baadaye. Taarifa ya kulizika aliiandika baba. Aliandika kwamba linajiandaa kwa mwelekeo mpya, na huo ukawa mwisho wa mshahara wake. Alijenga nyumba ndogo ya matofali mjini Karatu, nyuma ya duka la mama, akazeeka haraka. Watu wa mjini, Wachaga, Waarusha, vibarua kutoka Singida na Dodoma, walimsalimu na kumpenda. Yeye alitaka salamu za wale wengine. Siku za mnada alikaa barazani pa duka akiwatazama Wairaqw wakipita, akiinua mkono kidogo, akiushusha.

Alipoanza kuumwa mimi nilikuwa Arusha, nimeajiriwa kwenye ofisi ya habari ya kampuni moja, kazi niliyoipata kwa jina lake. Nilikuja. Aliniomba kitu kimoja, na hilo ndilo ombi pekee la moja kwa moja nililowahi kulisikia kwake. "Mnilaze karibu na mama," alisema.

Alipofariki, mama alitaka mwili upumzike ndani ya nyumba mpaka nitakaporudi na jibu. Shangazi alikuwa tayari kutoa ardhi, ila si yeye wa kuamua. Nikanunua kondoo, nikapanda lori la mkaa mpaka Oldeani, nikawakuta wazee waliobaki. Walikuwa wachache sana. Yule aliyeuliza swali lile alikuwa kipofu sasa.

Sikuwa na Kiiraqw cha kutosha. Nikasimama nikasema kwa Kiswahili: "Baba yangu aliwadanganya. Aliambiwa huenda mtavuna, akawaambia mtavuna. Alijua tofauti yake. Aliwadanganya ndani ya sala, na mkala njaa, na amekufa."

Halafu yule kipofu akaitikia, mwitikio ule ule wa sala, na wengine wakaitikia nyuma yake, na wanawake waliokuwa jikoni. Nikalia mbele yao bila kujizuia. Kondoo akapokelewa. Mzee akaniita karibu, akaninyunyizia pombe kichwani na mabegani, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama bibi alivyotaka kumshika mwanawe.

"Tunaweza kumleta kesho?" nikauliza.

"Nani?"

"Baba."

Aliendelea kunishika kichwa. "Mwanangu, wewe tumekusikia. Wewe, na mama yako, na ndugu zako, na utakaowazaa, ingieni mkale. Yeye alikuja hapa na mdomo wake, akaondoka nao. Neno lake hatulipokei kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nikamwambia hana tena mdomo. Nikamwambia alijaribu. Mzee akasema anajua kwamba alijaribu, alimsikia akijaribu, na ilimuuma. Nilikuwa nimekwenda kumwombea baba, nikarudi nimeombewa mimi.

Mama alikuwa mlangoni na majirani wa Kilimanjaro nyuma yake. Alinitazama nilivyolowa pombe, akasubiri.

"Mazungumzo yalikwenda vizuri," nikaanza. "Wazee wameupokea ujumbe, na kimsingi wameonyesha..."

Nilijisikia. Ilikuwa sauti yake, mpangilio wake, hata ile pumzi yake kabla ya neno gumu. Mama naye aliisikia, nikaona uso wake unabadilika.

"Usinifanyie mkutano, mwanangu," akasema. "Wamekubali au wamekataa?"

Nikafuta pombe machoni kwa kiganja.

"Wamekataa, mama."

Akatikisa kichwa. Akaniambia niende nikawaambie vijana wa Singida wakachimbe kaburi kwenye makaburi ya mjini.